Stadi Iliyokatikia Ndani ya Hedi ya Morris Minor: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Unguja

Kisa kinachochambuliwa hapa kinahusu stadi moja nyembamba, yaani bolti isiyo na kichwa, iliyokatikia ndani ya hedi (sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda) ya gari la Morris Minor, na ekstrakta iliyokatikia ndani ya stadi hiyo hiyo. Ekstrakta ni kile chuma kilichochongoka, chenye hesi (mikato ya skrubu) ya kushoto, ambacho mafundi hukizamisha ndani ya bolti iliyokatika ili kuizungusha na kuitoa. Hivyo tundu la hedi lilikuwa limezibwa na chuma laini, na chuma laini kikawa kimezibwa na chuma kigumu kuliko biti ya kawaida ya drili. Gari lilifika gereji yetu ya Mwanakwerekwe likivutwa kwa kamba, kifuniko cha thamostati (valvu inayodhibiti joto la maji ya injini) kimefungwa kwenye gazeti juu ya kiti cha nyuma, na mwenyewe ameshaambiwa kwamba hakuna njia isipokuwa kutafuta hedi nyingine.

Nauandika uchambuzi huu kwa sababu naamini ushauri ule haukuwa sahihi, na kwa sababu naona hedi nzima zikitupwa kwa ajili ya kipande cha chuma kinachoenea kwenye kiganja. Hoja yangu ni kwamba stadi iliyokatika kwa kutu haitoki kwa nguvu ya kuzungusha, hata chombo kiwe kizuri namna gani, mpaka kwanza kile kilichoishika kiachie. Fundi anayechagua chombo kabla ya kujua stadi imeshikwa na nini, na imeshikwa wapi, anabahatisha kwenye injini ya mtu.

Gari lenyewe ni Morris Minor 1000 lenye injini ya sentimita za ujazo 1098, ambayo kiwanda kilianza kuifunga kwenye aina hii mwaka 1962 badala ya ile ya 948. Morris Minor ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1948, kazi ya mhandisi Alec Issigonis ambaye baadaye alibuni Mini, na ilikuwa gari la kwanza la Uingereza kufikisha idadi ya milioni moja. Kwa Zanzibar, ambayo ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza hadi Disemba 1963, si ajabu kuikuta. Gari hili lilinunuliwa na baba wa mwenyewe, likabaki katika familia, na kwa miaka mingi lilikuwa likitoka siku za harusi na sikukuu tu. Jambo hili la mwisho lina uzito katika kisa chetu, kwani injini inayolala na maji ndani yake huoza kwa ndani kwa namna ambayo injini inayotembea kila siku haiozi.

Injini hii ni ya familia inayojulikana kama A-series. Bloku yake, yaani mwili wa injini, na hedi yake zote ni za chuma cha kusubu. Thamostati hukaa mbele ya hedi, upande wa juu, ndani ya tundu ambalo maji ya moto hutokea kwenda kwenye rejeta, na juu yake kuna kifuniko cha aluminiamu chenye shingo ya kuvalia mpira wa maji. Kifuniko hicho hushikwa na stadi tatu za inchi 5/16 zilizosimama wima, kila moja ikiwa na nati yake. Yeyote aliyewahi kushughulika na injini za aina hii anaijua sehemu hii, kwa kuwa ndiyo inayosumbua kuliko zote katika mfumo wa maji.

Chanzo cha matatizo kilikuwa kidogo. Injini ilianza kuchemka njiani, na katika gereji iliyotangulia ikaamuliwa thamostati itolewe na gari liachwe litembee bila hiyo. Nati mbili zilifunguka. Stadi ya tatu, ile iliyo karibu zaidi na feni, iligoma. Spana ikaongezewa urefu kwa bomba la maji, na stadi ikakatika sawasawa na uso wa hedi. Baada ya hapo ikatobolewa kwa drili ya mkono, ekstrakta ikaingizwa, ikazungushwa kwa bomba lile lile, nayo ikakatika.

Nilipoiangalia kwa tochi na lenzi, uso wa stadi ulikuwa na maelezo yake. Ulikuwa umetobolewa katikati, au tuseme karibu na katikati, lakini ukingo uliobaki ulitosha kusomeka. Sehemu kubwa ya ukingo ilikuwa nyeusi inayoelekea kahawia, yenye kutu ya zamani iliyoshikana, na upande mmoja tu ulikuwa na hilali nyembamba ya chuma kinachong'aa. Rangi hizi mbili ni ushahidi. Mahali peusi palikuwa pameshapasuka zamani na kuingia maji. Hilali inayong'aa ndiyo peke yake iliyokuwa imeishika stadi siku ile ilipokatika. Kwa hiyo stadi ilikuwa imeshakwisha kabla spana haijaigusa, na hata mkono mpole zaidi huenda ungeikata. Naliandika hili pia kwa haki ya mafundi waliotangulia, ambao mwenyewe alikuwa amewakasirikia mno.

Kifuniko nacho kilikuwa na maelezo. Katika matundu yake matatu, mawili yalikuwa na unga mweupe mwepesi, lakini lile la tatu lilikuwa limejaa unga huo huo ukiwa umegandamana kama chokaa, na kipande cha juu cha stadi kilikuwa bado kimo ndani yake, hakitikisiki. Unga mweupe ni kutu ya aluminiamu. Panapokutana aluminiamu, chuma na maji yenye chumvi, aluminiamu huliwa kwanza, na kinachobaki huchukua nafasi kubwa kuliko aluminiamu yenyewe ilivyokuwa. Maji yalikuwa yakivuja kidogo kidogo kupitia gasketi (karatasi ya kuzibia maungio) iliyochoka, yakapanda kwenye nafasi iliyo baina ya stadi na ukuta wa tundu, na unga ukaijaza nafasi ile mpaka stadi na kifuniko vikawa kitu kimoja. Stadi ilishikwa juu kwenye kifuniko na chini kwenye hedi, na pale katikati, kwenye mstari wa gasketi, ndipo kutu ilipoila. Haikuwa na mahali pengine pa kukatika.

Maji ya Unguja yana sehemu yake katika jambo hili. Kisiwa kwa sehemu kubwa kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima vyetu yamepita ndani ya mawe hayo. Ni maji mazito yenye chokaa, na karibu na pwani huwa na chumvi ndani yake. Anayetaka kuhakikisha na aangalie ndani ya birika la jikoni kwake. Maji hayo hayo yakitiwa kwenye rejeta kila yanapopungua, bila dawa yoyote ya kuzuia kutu, kila kujaza ni kuongeza chokaa na chumvi mpya. Ongeza upepo wa bahari unaolipiga boneti usiku kucha, na hesabu inakamilika.

Kwa nini ekstrakta haikufaa? Stadi nzima, yenye unene wake wote wa takriban milimita 7.9, ilishindwa kustahimili nguvu ya kuzungushwa ikakatika. Ekstrakta inayoingia ndani ya stadi hiyo lazima iwe nyembamba zaidi, hapa ilikuwa na unene wa takriban milimita 4, na imetengenezwa kwa chuma kigumu ambacho hakipindi, kikizidiwa huvunjika ghafla. Hakuna hesabu inayoweza kukifanya chombo cha milimita 4 kishinde mahali ambapo cha karibu milimita 8 kimeshindwa, ikiwa kilichoishika stadi bado kiko pale pale. Tena kuna ubaya wa pili ambao haunenwi sana. Ekstrakta imechongoka, na kila inavyozama inazisukuma kuta za stadi kwenda nje. Stadi iliyotobolewa imekuwa mrija. Mrija ukitanuliwa kutoka ndani hubana zaidi kwenye hesi za hedi. Chombo kilichotiwa ili kuilegeza kinaikaza. Ekstrakta ina matumizi yake, na mimi ninazo na ninazitumia, lakini kwa bolti iliyokatika kwa kukazwa kupita kiasi, ambayo hesi zake ni safi na mara nyingi huzunguka hata kwa ncha ya tindo. Kwa kutu, hapana.

Mwenye gari alikaa kwenye benchi akinitazama nikiangalia, kisha akauliza, "Haya niambie, mwanangu. Itatoka hiyo?"

"Itatoka, Mzee, inshallah. Hedi ni nzima. Ila haitotoka kwa haraka, na leo hatuizungushi kabisa."

"Hii kaniwachia marehemu baba. Kama haiwezekani nambie mapema. Usije ukanitoboa hedi."

Sharti lile lilikuwa la haki, na ndilo lililoongoza uchaguzi wa njia.

Njia zilizokuwepo hazikuwa nyingi. Ya kwanza ilikuwa kuishusha hedi na kuivusha Dar es Salaam kutafuta karakana yenye mashine ya kuchonga kwa cheche za umeme, ambayo hula chuma kigumu bila kuugusa ukuta wa tundu. Ni njia safi, na kama stadi ingekuwa mahali pasipofikika ningeichagua bila kusita. Lakini kuishusha hedi ya injini hii ni kufungua nati tisa kubwa, nne kati yake zikishika pia stendi za roka, pamoja na kuachanisha manifoldi, yaani mabomba ya kuingizia hewa na kutolea moshi; na kila stadi katika hizo imekaa miaka ile ile, katika hewa ile ile ya bahari. Kutoa stadi moja iliyokatika kwa kuhatarisha nyingine nyingi ni biashara mbaya. Niliiweka njia hii mwisho kabisa.

Ya pili ilipendekezwa na jirani wa gereji, mtu mwenye ujuzi wa kazi za sonara: kuchemsha shabu na kuimimina kwenye tundu. Watu wanaweza kuicheka rai hii lakini ina ukweli ndani yake. Maji ya moto yenye shabu hukila chuma polepole na kuiacha aluminiamu au shaba, na ndivyo mafundi wa saa wanavyotoa skrubu za chuma zilizokatikia ndani ya shaba. Kama hedi ingekuwa ya aluminiamu, kama zilivyo hedi nyingi za gari za leo, ingefaa kujaribiwa. Hedi ya Morris ni ya chuma. Shabu haiwezi kutofautisha chuma cha stadi na chuma cha hedi, na ingeula ukuta wa tundu sawa na inavyoila stadi.

Ya tatu ilikuwa kuipiga ekstrakta kwa panchi ngumu mpaka ipasuke vipande. Mara nyingine hufaa, kwa sababu ekstrakta ni ngumu lakini si imara. Hofu yangu ilikuwa ukuta wa hedi. Chuma cha kusubu hakipendi kupigwa, na ufa ukitokea pale upande mmoja ni maji na upande wa pili ni hewa. Gari lingeondoka na tatizo kubwa kuliko lililoingia nalo.

Tukaamua kuichonga ekstrakta kwa kijino cha kabaidi, yaani kikataji kidogo kigumu mno, kisha kuitoa stadi kwa kuchomelea nati juu yake. Yote yafanyike hedi ikiwa mahali pake.

Matayarisho yalikula muda kuliko kazi yenyewe, na ndivyo inavyotakiwa. Rejeta ilitolewa ili mikono ipate nafasi mbele ya injini. Kabureta ilitolewa na njia zake zikazibwa. Morris Minor ina pampu ya petroli ya umeme iliyofungwa ndani ya boneti, kwenye ukuta wa nyuma ya injini, na mtu akisahau kuifunga mipira yake kabla ya kuwasha moto pale anacheza na maisha yake. Mipira ilizibwa, na ndoo ya mchanga ikawekwa karibu. Waya zote mbili za betri zilifunguliwa na betri ikatolewa nje. Tundu kubwa la maji, ambamo thamostati hukaa, lilishindiliwa kitambaa kilicholowa na juu yake grisi nzito, ili kila chembe ya chuma ikwame hapo badala ya kuzama kwenye njia za maji.

Kwa siku kadhaa kabla ya hapo, stadi ilikuwa ikitiwa mchanganyiko wa asetoni na mafuta ya giaboksi ya otomatiki, nusu kwa nusu. Asetoni huyafanya mafuta kuwa mepesi yakaingia mahali ambapo peke yake yasingeingia, kisha yenyewe hukauka. Sikutegemea kwamba yangetosha, wala hayakutosha, lakini hayana hasara ikiwa mtu hana haraka.

Kijino cha kabaidi tulichotumia ni cha milimita 3, kikifungwa kwenye grenda ndogo ya mkononi inayozunguka kwa kasi kubwa. Kabaidi huikata ekstrakta, lakini kwa chembe ndogo mno, na ikibanwa upande hukatika nayo. Kwa hiyo mkono hugusa na kuondoka, hugusa na kuondoka, na baina ya mguso na mguso sumaku hupitishwa kuokota unga. Lengo halikuwa kuimaliza ekstrakta yote. Lengo lilikuwa kuidhoofisha kati mpaka iache kuzisukuma kuta za stadi. Ilipofika kina cha milimita chache, mlio ulibadilika, kutoka mlio mwembamba wa chuma kigumu hadi mkwaruzo, na ufa ukaonekana kwenye kipande kilichobaki. Hapo panahitaji kukumbukwa jambo moja linalosahaulika: hesi ya ekstrakta ni ya kushoto, kwa hiyo ilivyoingia ilizungushwa kinyume cha saa, na ili itoke lazima izungushwe kufuata saa. Anayeendelea kuisukuma upande wa kufungulia stadi anaizamisha. Kwa ncha ya tindo ndogo na nyundo nyepesi, kipande kiligeuzwa upande wa saa, kikaachia, na sumaku ikakivuta.

Baada ya ekstrakta kutoka ndipo tulipouona vizuri upotofu wa tundu. Biti ya drili ilikuwa imehama kutoka katikati, kama inavyotokea siku zote drili ya mkono inapowekwa juu ya uso uliokatika mshazari bila kusawazishwa kwanza kwa tupa na kutiwa alama ya katikati. Upande mmoja ukuta wa stadi ulibaki mnene, upande wa pili ulikuwa kama milimita moja tu. Kutoboa zaidi kungepeleka biti moja kwa moja kwenye hesi za hedi. Kama ingebidi kutoboa, ningemwendea mkereza anikerezee bushi ya kuingia kwenye tundu la kifuniko kile kile cha zamani, yenye tundu dogo katikati, kisha kifuniko kirudishwe kwenye stadi mbili zilizobaki na kiwe kiongozi cha biti. Kifuniko kilichooza hakitupwi kabla ya kazi kwisha. Ndicho kipimo cha kweli cha mahali stadi zilipotakiwa kuwa.

Haikubidi. Ubora wa kuchomelea nati katika kisa kama hiki unatokana na tabia ya chuma cha kusubu, ambacho hakishikani vizuri na moto wa elektrodi ya kawaida. Kinachomiminwa hukamata stadi ya chuma laini na kuteleza kwenye hedi. Washa ya chuma, yaani kipande bapa cha mviringo, yenye tundu linalolingana na stadi iliwekwa juu ya uso wa hedi, mkamato wa ardhi wa mashine ya kuchomelea ukafungwa kwenye hedi yenyewe, karibu kabisa na kazi, ili umeme usitafute njia kupitia beringi za injini. Kwa elektrodi ya milimita 2.5, mrija wa stadi ulijazwa kutoka chini kwenda juu mpaka ukashikana na washa, kisha nati ikawekwa juu ya washa na kuchomelewa kwa ndani.

Nati ya mwanzo ilibanduka ikiwa na kipande cha washa, na chini yake chuma kilikuwa na vitundu vitundu vya kahawia kama sponji. Sababu ilikuwa mafuta: stadi iliyoloweshwa kwa siku kadhaa ilikuwa bado imenyonya mafuta, nayo yalichemka ndani ya chuma kilichokuwa kikiyeyuka. Ilisafishwa kwa asetoni tupu, ikapashwa moto mdogo mpaka moshi ukaisha, na kazi ikarudiwa. Safari hii kilishika.

Watu wengi hudhani kazi ya nati ni kupata mahali pa kukamatia spana. Hiyo ni faida ndogo. Faida kubwa ni moto. Stadi ilipashwa mpaka ikawa nyekundu ndani ya hedi iliyo baridi. Ikataka kutanuka, hedi ikaizuia, na hapo kutu iliyozishikanisha ikapondwa. Ilipopoa ikanywea, na baina ya stadi na hedi pakabaki upenyo ambao hauonekani kwa macho lakini mafuta yanauona. Wekundu ulipokwisha na chuma kikawa bado cha moto, mshumaa wa kawaida uliguswa kwenye mstari wa stadi. Nta iliyeyuka, ikatoa moshi, kisha mbele ya macho yetu ikavutwa ndani ikapotea. Ikiwa nta inaingia, basi kuna njia, na fundi anajua kwamba kinachofuata ni subira tu.

Spana iliwekwa bila bomba la kuongezea urefu. Kwanza nati ilisukumwa kidogo sana upande wa kukaza, kisha upande wa kufungua, kisha kukaza tena. Mtu asiyejua huuliza kwa nini kukaza kitu unachotaka kukifungua. Jawabu ni kwamba kutu iliyopondwa inahitaji mahali pa kwenda, na ukizungusha upande mmoja tu inajikusanya mbele ya hesi na kuziba upya. Stadi ililia mlio mkavu, ikasogea upana wa ukucha, ikarudishwa, ikatiwa nta, ikasogea tena. Ilipotoka yote, hesi zake za chini zilikuwa nzima na zina rangi ya chuma safi, jambo linalothibitisha kwamba huko chini hapakuwa na tatizo kubwa. Kilichoishika ni hesi chache za juu, karibu na mstari wa gasketi, palepale maji yalipokuwa yakifika.

Kusafisha hesi za hedi kuna mtego wake ambao umeharibu injini nyingi za Kiingereza hapa kwetu. Inchi 5/16 ni milimita 7.94, na bolti ya milimita 8 iliyojaa madukani Darajani huonekana kuwa ndiyo hiyo hiyo. Huingia mizunguko miwili mitatu kwa mkono, kisha hubana, na fundi akidhani ni uchafu huiongezea nguvu. Hesi ya milimita 8 ya kawaida ina hatua ya milimita 1.25, na hii ya hedi, iliyopimwa kwa kipimo cha hesi kwenye stadi iliyotoka, ilikuwa ya hesi 18 kwa inchi, yaani hatua ya takriban milimita 1.41. Mbili hizi hazikubaliani. Kinachoingia kwa nguvu kinakata njia yake mpya juu ya njia ya zamani, na baada ya hapo tundu halifai kwa hii wala kwa ile. Tulipata tapu ya inchi, yaani chombo cha kukatia hesi ndani ya tundu, kwa mkereza mmoja wa mjini aliyeitunza tangu enzi za lori za Bedford, ikapitishwa kwa mkono na mafuta, robo mzunguko mbele na nyuma kidogo. Hesi ya juu kabisa ilikuwa na jeraha dogo upande ambao biti ilielekea. Zilizobaki zilitosha kushika bila kuhitaji koili ya kutengenezea hesi.

Stadi zote tatu zilibadilishwa, pamoja na kifuniko na gasketi yake, vyote vikiagizwa kutoka Uingereza ambako vipuri vya Morris Minor bado vinatengenezwa na kuuzwa. Mwenye gari alitaka kukiokoa kifuniko cha zamani, lakini matundu yake yalikuwa yameliwa na uso wake haukulala sawa juu ya kioo. Uso wa hedi ulisafishwa kwa jiwe laini mpaka ukalala sawa. Kila stadi ilipakwa grisi ya shaba katika hesi zake na, jambo ambalo ni muhimu zaidi, katika sehemu yake ya kati isiyo na hesi, ile inayopita ndani ya aluminiamu, kwa sababu hapo ndipo unga mweupe huanzia.

Kuhusu kukaza, kiwanda kinataja futi-paundi 8 kwa nati hizi, wakati nati za hedi hukazwa kwa 40. Nane ni kidogo sana. Ni nguvu ya kifundo cha mkono kwenye spana fupi. Fundi anayekaza mpaka uso unabadilika hapati kuziba kuzuri zaidi. Anakipinda kifuniko laini cha aluminiamu, gasketi inaachia pembeni, maji yanaanza kupanda kwenye stadi, na kisa kinaanza upya.

Thamostati ilirudishwa. Ya zamani ilitiwa kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, na maji yakachemka yote bila yenyewe kufunguka, kwa hiyo ndiyo iliyokuwa ikiichemsha injini tangu mwanzo; mpya ya nyuzi 82 ilijaribiwa kwa sufuria hiyo hiyo na ikafunguka karibu na namba iliyochapwa juu yake. Desturi ya kuitoa thamostati kwa hoja kwamba Zanzibar ni nchi ya joto siikubali. Injini inayotembea baridi huchafua oili yake kwa petroli isiyoungua vizuri na husagika silinda kabla ya wakati wake, na joto la nje halibadilishi ukweli huo.

Mfumo wa maji ulisukumwa mpaka maji yakatoka meupe, kisha ukajazwa maji yaliyosafishwa, ya aina inayotiwa kwenye betri, yakichanganywa na dawa ya rejeta nusu kwa nusu. Watu wa kwetu huiona dawa hiyo ni ya nchi za barafu. Sifa yake ya kuzuia kuganda kweli hatuihitaji, lakini ndani yake mna vizuia kutu, nayo hupandisha kiwango cha kuchemka, na hayo mawili tunayahitaji kuliko wao. Huisha nguvu, kwa hiyo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili au mitatu hata kama gari halikutembea.

Baada ya injini kupata moto na kupoa mara kadhaa nati zilikaguliwa, na mstari wa gasketi ulipitishwa karatasi nyeupe kuzunguka, ilitoka kavu. Mwenye gari aliuliza kama, kwa kuwa vyombo vipo na mikono imeshazoea, tuzifungue pia stadi za manifoldi ya ekzosi ambazo zina kutu ya wazi. Nilimshauri tusizifungue. Hazivuji, hazitoi mlio, na gasketi yake ni nzima. Stadi ya ekzosi isiyo na kosa haifunguliwi kwa ajili ya kuiangalia tu. Siku itakapolazimu, zitapashwa moto na kutiwa nta kabla spana haijawekwa, wala si baada ya kukatika. Tuliandikiana hivyo kwenye daftari lake la gari, akaliweka mahali pake chini ya kiti.